Nyumba Zetu Zilihesabiwa Zamani Sana, Lakini Nani Aliandika Hali ya Dirisha?

Wasee, leo sina stori ya siasa wala ya mapenzi. Leo tunaongea kuhusu daftari. Najua unataka kutoka. Lakini kama umewahi kuhama keja na landilodi akabaki na dipoziti yako, kaa kidogo.

Shangazi yangu ana ploti ya vyumba 14 hapa Malaba, upande wetu wa Kenya, si mbali na foleni ya malori. Wapangaji wake ni mataniboi, wauza mitumba, wasichana wa saluni, watu wa kubadilisha pesa. Kuna wa huku na kuna waliovuka kutoka ng'ambo. Mwaka jana kijana wa chumba nambari 6 alihama. Shangazi akaingia kuangalia, akakuta kioo cha dirisha kimepasuka na soketi moja imeungua.

"Kijana wangu, hiyo nitakata kwa dipoziti."

"Mama, haki ya nani, mimi niliingia nikaikuta hivyo hivyo."

Wakaenda kwa daftari. Daftari likasema: "Rum 6, sawa." Basi. Sawa lini? Kwa macho ya nani? Kabla ya huyu kijana au baada yake? Mstari mmoja, maneno matatu, na watu wawili wazima wanaapa kwa Mungu mmoja.

Kwa familia yetu mimi ndiye mtu wa kompyuta, hata kama chuo niliacha katikati. Kwa hivyo nikaitwa. "Tengeneza kitu kwa hiyo laptopu yako, hii aibu isirudi." Nikafungua Excel, nikaweka jedwali moja kubwa: chumba, mpangaji, simu, kodi, dipoziti, mlango, dirisha, soketi, choo, tarehe. Nikajiona mjanja. Baada ya miezi miwili ilikuwa takataka. Mpangaji akihama, nafuta jina lake naandika la mwingine, na historia yote inaenda. Dirisha likirekebishwa, nafuta "limepasuka" naandika "sawa". Yaani nilikuwa nimeunda upya lile daftari la shangazi, tofauti ni kwamba sasa linakula chaji.

Ndipo nikaanza kusoma, na kitu kilichonishangaza ni kwamba shida yangu ni ya kizamani kabisa. Sehemu hii ya nchi imekuwa ikiandikwa kwa vitabu zaidi ya miaka 120, na karibu kila mara kuna kitu kimoja kinaachwa nje.

Turudi nyuma. Mwaka 1900 Waingereza walitia sahihi mkataba na Buganda, na ndani yake kulikuwa na kodi ya nyumba: rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba ya kuishi. Sehemu hizi tunazoziita leo Busia na Malaba za Kenya hazikuwa Kenya. Zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakauhamisha mkoa huo kwa kalamu, ukawa upande wa himaya yao ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso wakajipata huku na huku. Wasamia vilevile. Hakuna aliyehama, ni karatasi iliyohama.

Na upande huu pia kodi ilikuwa inangoja, kwa sababu kanuni za kodi ya nyumba zilikuwa zimetoka 1901. Sasa fikiria kazi yenyewe. Ili utoze kodi ya nyumba lazima mtu apite boma kwa boma akihesabu nyumba. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ziara ya kwanza ya kiserikali iliyopita kwenye makazi ya watu wetu ikiandika. Ukipenda, iite ukaguzi. Lakini angalia walichokuwa wanatafuta. Si kama paa linavuja. Si kama kuna watoto wanaokohoa ndani. Walitaka nambari: boma la fulani, nyumba ngapi, alipe ngapi. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hivyo alilipa mara tatu. Mke mwenye nyumba, aliyepika humo na kulala humo, alikuwa hesabu kwenye mstari wa mume wake.

Kwa lugha ya watu wa databesi, jedwali lao lilikuwa na kitu kimoja tu: nyumba. Na watu si wajinga. Wakaona kinachohesabiwa ni nyumba, wakaanza kubanana, wengi katika nyumba moja, ili nyumba zipungue. Serikali ikagundua jedwali lake lina tobo. Mwaka 1910 ikaleta sheria ya kodi ya nyumba na kichwa, ili mwanamume mzima asiye na nyumba yake naye alipe. Yaani wakaongeza jedwali la pili: mtu.

Halafu wakaona mtu naye anahitaji nambari. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza ikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe kipande, karatasi yenye jina, alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo. Mwenye kipande alibeba rekodi shingoni mwake lakini kalamu haikuwa yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka "Rum 6, sawa." Nani aliandika? Shangazi. Nani aliathirika? Yule kijana. Kijana aliwahi kuonyeshwa? Hata siku moja. Simlinganishi shangazi yangu na mkoloni, tafadhali, nataka kuendelea kula kwake. Nasema tu tabia ya kitabu ni ile ile: anayeandika ndiye anayeamua ni nini cha kukumbukwa.

Tusonge mbele hadi ardhi. Mwaka 1954 ulikuja Mpango wa Swynnerton, wa kuwapa Waafrika mashamba yaliyopimwa na hati za mtu binafsi. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, na mwaka 1968 Sheria ya Uamuzi wa Ardhi. Maafisa wakazunguka, mipaka ikapimwa, wazee wakasikiliza kesi za nani ni wa wapi. Ndiyo maana hadi leo ukishika hati ya shamba la huku kwetu unaona nambari yenye sehemu tatu: jina la eneo kubwa, jina la sehemu ndogo, halafu nambari ya kiwanja. Kama Bukhayo/Mundika na nambari yake, au South Teso/Angoromo na nambari yake.

Sasa hapa lazima nitoe heshima. Rejista ile ya 1963 ilipangwa vizuri ajabu. Kila kiwanja kina kadi yake, wazee huiita kadi ya kijani, na kadi ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza kiwanja chenyewe: kiko wapi, ukubwa gani. Sehemu B inaeleza wenye kiwanja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake. Sehemu C inaeleza mizigo iliyo juu ya kiwanja: mkopo wa benki, zuio, mambo kama hayo. Mwenye shamba akibadilika, karani hafuti kadi nzima. Anaongeza mstari kwenye sehemu B. Benki ikimaliza kulipwa, sehemu C inapata mstari mwingine. Sehemu A inakaa pale pale.

Manze, huo ni muundo wa databesi kabla ya databesi. Kitu kisichobadilika kinakaa peke yake, vinavyobadilika vinakaa kwingine, na nambari ya kiwanja ndiyo inayovifunga pamoja.

Miaka saba baadaye, Juni 1970, Mwingereza aliyefanya kazi IBM kule California, Edgar Codd, akachapisha makala yake maarufu kuhusu muundo wa uhusiano wa data. Wakati huo mifumo mingi mikubwa ilikuwa kama mti. IBM yenyewe ilikuwa na mmoja unaoitwa IMS, uliotengenezwa kusaidia kufuatilia vipuri vya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Ulianzia kwenye shina, unashuka tawi kwa tawi hadi upate unachotaka. Ukiuliza swali ambalo mti haukupangwa kulijibu, umeumia. Codd akasema: weka data kwenye majedwali ya kawaida, kila mstari uwe na ufunguo wake, na jedwali moja likitaka kutaja kingine litumie ufunguo huo. Mtumiaji asilazimike kujua njia ya kupitia. Mwaka 1974 wenzake wawili pale IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuuliza majedwali hayo maswali, na hiyo ndiyo ilizaa SQL ya leo.

Lakini turudi kwa ile kadi ya kijani. Pamoja na uzuri wake wote, kuna vitu viwili haina. Haina mahali pa kuandika kwamba nyumba iliyo juu ya kiwanja ina ufa. Na haina mahali pa mtu anayelala ndani kama si mwenye shamba. Wanawake wengi walijua hili kwa njia ngumu, maana sehemu B kwa kawaida iliandikwa jina la mwanamume, na haki zao za kulima na kuishi zilizojulikana na kijiji kizima hazikupata mstari.

Utasema, hiyo ni ardhi, ukaguzi wa majengo ni idara nyingine. Kweli. Na tazama hiyo idara nyingine ilivyotufikisha. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la kupangisha liliporomoka Huruma, Nairobi. Watu wapatao 50 walikufa. Baadaye maafisa wakasema jengo hilo lilikuwa tayari limewekwa alama ya kubomolewa. Soma tena hapo. Kulikuwa na mtu aliyejua. Kulikuwa na ukaguzi. Matokeo yalikuwepo. Kilichokosekana ni uzi wa kutoka kwa matokeo hadi kwa hatua: nani alitakiwa kufanya nini, kufikia lini, na waliolala ndani waliambiwa na nani.

Umeona zile X nyekundu zinazochorwa kwenye majengo mabovu. X ukutani ni rekodi, sikatai. Lakini ni kama "sawa" ya shangazi. Haina tarehe, haina jina, haina hatua inayofuata. Mtu akipaka rangi mpya, imeenda.

Kwa hivyo hoja yangu yote ni hii: ukaguzi si sifa ya nyumba. Ukaguzi ni tukio. Mtu fulani alikuja siku fulani akaona kitu fulani, mbele ya mtu fulani. Ukiuweka kama safu moja kwenye jedwali la nyumba, yenye jina "hali", utaufuta kila mara hali ikibadilika. Na aliye na kidole kwenye kitufe cha kufuta ndiye atakayeshinda kila mzozo.

Sasa niwaonyeshe nilichofanya kwa ploti ya shangazi, kwa sababu kuna msee hapa ana kazi ya darasani ya aina hii, na kuna mwingine ana mzazi mwenye vyumba.

Jedwali la kwanza ni ploti: nambari yake, mahali ilipo, nambari ya kiwanja.

La pili ni chumba: nambari yake, na ufunguo wa ploti iliyomo. Hakuna neno "hali" humu. Hakuna jina la mpangaji humu. Chumba ni chumba, kama sehemu A ya kadi.

La tatu ni mtu. Hapa boda ilinifundisha. Nilikuwa nataka kutumia nambari ya kitambulisho kama ufunguo mkuu. Haifanyi kazi Malaba. Cha Kenya kina tarakimu, cha Uganda kimechanganya herufi na tarakimu, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, kwa hivyo wapangaji wengi hawana pasipoti kabisa. Nambari ya simu nayo ndiyo mbaya zaidi: msee mmoja ana laini ya +254 na ya +256, na zote anaweza kuzibadilisha kesho. Basi kila mtu anapewa nambari yetu wenyewe, isiyo na maana yoyote nje ya mfumo. Vitambulisho vinakaa kwenye jedwali lao: nchi, aina, nambari, na ufunguo wa mtu. Mtu mmoja anaweza kuwa na viwili. Simu vivyo hivyo.

La nne ni upangaji: mtu yupi, chumba kipi, aliingia lini, alitoka lini, dipoziti kiasi gani, na sarafu gani. Usicheke hiyo ya sarafu. Hapa mtu anaweza kukulipa kwa shilingi ya Uganda, na 10,000 ya ng'ambo si 10,000 ya huku. Kama watu wawili wanashiriki chumba, kila mmoja ana mstari wake. Hiyo ndiyo sehemu B yangu, lakini kwa mtu ambaye sehemu B ya serikali haikumjua.

La tano ni ukaguzi: chumba, tarehe na saa, aliyekagua, na sababu, yaani ni wa kuingia, wa kutoka au wa kawaida. Jedwali dogo pembeni linaandika waliokuwepo na kama kila mmoja alikubali au alipinga. Kupinga kunaruhusiwa. Mpangaji akisema "hapana, soketi ilikuwa imeungua tangu mwanzo," linaandikwa neno lake, na halifutwi na mtu.

La sita ni matokeo: ufunguo wa ukaguzi, kitu kilichoangaliwa, hali yake, maelezo, na picha. Mlango, kufuli, dirisha, soketi, ukuta, dari, choo, kila kimoja ni mstari, si safu. Mwanzoni nilivifanya safu, na shangazi alipoongeza sinki kwenye vyumba vitatu ikabidi nivuruge jedwali lote, na vyumba vingine 11 vikabaki na nafasi tupu. Kwa mistari, ukipata sinki unaongeza mstari. Kwisha.

La saba ndilo la Huruma, nalo ni hatua: ufunguo wa tokeo lililoizaa, nani atarekebisha, kufikia tarehe gani, lini ilikamilika, gharama. Tokeo baya lisilo na hatua linajitokeza lenyewe nikiuliza swali moja. Wiki ya kwanza swali hilo lilinipa mistari tisa. Mmoja ulikuwa waya ulio wazi karibu na bomba la maji chumba nambari 11. Shangazi alikuwa anaujua huo waya. Mpangaji alikuwa anaujua. Kila mtu alikuwa anaujua, na kila mtu alikuwa ameuzoea. Fundi alikuja kesho yake.

Na sheria moja juu ya zote: jedwali la ukaguzi na la matokeo ni la kuongeza tu. Ukikosea, unaandika ukaguzi mpya unaorekebisha. Hufuti. Karani wa ile kadi ya kijani alijua hivyo zamani.

Najua kuna watakaosema hii ni nzito mno kwa vyumba 14, na daftari zuri lingetosha. Kweli, daftari zuri lingetosha. Chukua daftari, gawanya kurasa, mpe kila chumba nambari na kila ziara tarehe na sahihi mbili. Hoja haikuwa laptopu. Waliohesabu nyumba kwa ajili ya kodi hawakuwa na kompyuta, na bado walikusanya kodi yao, kwa sababu walijua wanauliza nini. Sisi wapangaji hatujawahi kuuliza swali letu kwenye kitabu cha mtu yeyote. Uhuru wa Kenya una zaidi ya miaka 60, ardhi ya Nairobi ilianza kuingia kwenye mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021, na bado msee anahama keja akiwa na ushahidi wa mdomo tu.

Kwa hivyo ukiingia keja mpya mwezi huu, kabla hujatandika kitanda, piga picha za kila kitu, mtumie landilodi au msimamizi siku hiyo hiyo kwa WhatsApp, na uandike: "Nimeingia leo, hivi ndivyo nilivyokuta." Hapo umejiundia mstari wa kwanza wa jedwali la ukaguzi, na tarehe imejiweka yenyewe.

Kuhusu yule kijana wa nambari 6. Nilitamani niwaambie mfumo wangu ulimwokoa. Haukumwokoa. Jedwali haliwezi kukumbuka kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Shangazi alimrudishia nusu, kila mmoja akaondoka akiamini ameibiwa. Sasa kuna mama mmoja anaishi pale, anauza nguo za watoto karibu na stendi. Siku alipoingia tulikagua pamoja. Nikamsomea: dirisha zima, soketi mbili zinafanya kazi, ukuta una ufa mdogo nyuma ya mlango. Akasema, "Ngoja, andika pia kitasa kinalegea." Shangazi akaniangalia. Nikaandika.